Risasi ya .17 au ya .204?

SWALI: Nawinda kindi wa ardhini kwenye malisho ya Montana, Marekani. Sitaki risasi ya .223 (namba hizi ni kipenyo cha risasi kwa inchi, takriban). Nichague .17 Remington au .204 Ruger?

JIBU: Chukua .204, iliyoingia sokoni mwaka 2004. Kichwa chake, yaani kipande kinachoruka, cha greni 40 (gramu 2.6) hutoka kwa mita 1,190 hivi kwa sekunde, na teke la bunduki ni dogo kiasi kwamba unaona risasi inapotua. Ile .17 ya mwaka 1971 ina kasi, ila kichwa cha greni 25 husukumwa zaidi na upepo. Mtutu wake mwembamba hujaa mabaki ya shaba ya vichwa upesi, shabaha ikapotea. Fimbo yake ya kusafishia nayo hupinda ovyo. Kabla ya kununua .204, kagua msokoto wa mtutu (mifereji ya ndani inayozungusha risasi): mzunguko mmoja kwa inchi 12 wafaa greni 32 hadi 40, vichwa vya greni 45 huweza kutawanyika.