Kugoma kwa ajili ya mshahara: tunawajibu wafanyakazi wa simu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu wa kampuni za simu hapa Lubumbashi, Kongo (DRC): mafundi wa antena, wapokea simu za wateja, wauzaji wa madukani, na hata wake zao. Wengi wanauliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Mshahara umesimama, bei za sokoni zinapanda, na neno mgomo limeanza kusikika. Majina ya watu na ya kampuni tumeyaacha.

Niko huduma ya wateja, mwaka wa nne sasa, mshahara ni ule ule. Kugoma kuna faida kweli, au tutajipotezea tu? (Dada wa Bel-Air)

Dada, faida ipo, lakini si kwa kila mgomo. Kabla ya kupiga kura jiulizeni: siku ya tatu, nani atakuwa ameumia? Kampuni ya simu si kiwanda cha sabuni, ambako wafanyakazi wakitoka mashine zinanyamaza. Mitambo yake inajiendesha, na sehemu kubwa inasimamiwa kutoka mbali. Ninyi mkikaa nyumbani Jumatatu, mtu wa Katuba atapiga simu Jumatatu hiyo hiyo na hatajua kama kuna mgomo. Wakubwa wanalijua hilo, ndiyo maana siku ya kwanza huwa hawana haraka ya kuwaita.

Maumivu yanakuja baadaye, tena mahali fulani tu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika na hakuna wa kupeleka mazuti (dizeli) kwenye jenereta ya antena, mtaa mzima unapoteza mtandao. Laini ya kampuni ya madini ikikatika na fundi hayupo, mteja mkubwa anaanza kupiga kelele. Maajenti wa pesa ya simu wakikosa wa kuwahudumia mwisho wa mwezi, foleni inajaa. Na watu wanapopiga namba ya huduma bila kujibiwa, hapo ndipo kazi yako wewe, dada, inapoonekana thamani yake. Mgomo wenu ukiwa na watu wa idara hizo zote, una nguvu. Ukiwa wa ofisi moja, sitawashauri muuanze.

Tuna mifano ya wenzenu wa mbali. Uingereza, mwaka 2022, kampuni ya simu ya BT ilitoa nyongeza ya pauni 1,500 bila sendika (chama cha wafanyakazi) kukubali. Maisha yalikuwa yamepanda sana, na wafanyakazi wapatao 40,000 wakagoma tarehe 29 Julai na 1 Agosti, kisha siku nyingine za hapa na pale hadi Oktoba. Kampuni iliyokuwa imesema imemaliza kutoa ikakubali mwishoni mwa Novemba kuongeza pauni 1,500 nyingine kwa wanaopata pauni 50,000 au chini kwa mwaka. Marekani, mwaka 2016, karibu watu 40,000 wa kampuni ya simu ya Verizon waligoma tangu katikati ya Aprili hadi mwisho wa Mei, wakapata nyongeza ya karibu asilimia 11 katika miaka 4. Lakini hawa wa Verizon walikatiwa bima ya matibabu katikati ya mgomo, na wiki zile hawakulipwa mshahara. Wao walikuwa na mfuko wa sendika wa kuwasaidia. Ninyi mna mfuko gani?

Shefu ametuambia: atakayegoma, asirudi. Ana haki hiyo? (Fundi, Kampemba)

Hana, mradi mfuate njia ya sheria. Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu wengi wanafukuzwa kwa kukosea hatua, na madai yao yalikuwa ya haki kabisa.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 39, inatambua haki ya kugoma na kuilinda. Inaruhusu pia sheria kuweka mipaka katika ulinzi, usalama na huduma zenye umuhimu mkubwa kwa taifa. Kisha Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa 2016, inasema mgomo unaruhusiwa pale tu penye mgogoro wa pamoja, yaani wa kundi la wafanyakazi na mwajiri wao, na baada ya njia za kupatana kumalizika. Maana yake, madai yanaandikwa na kupelekwa kwa mwajiri. Mkikosa kuelewana, mgogoro unakwenda kwa Inspekta wa Kazi, afisa wa serikali, naye anaziita pande mbili. Akishindwa kuwapatanisha, inakuja tume ya upatanishi. Yote hayo yakishindikana, ndipo mnaweza kusimamisha kazi.

Mkipita njia hiyo, kontra (mikataba) zenu zinasimama kwa muda, hazivunjiki. Mkiruka hatua, mmempa shefu kisu mkononi. Kwa hiyo kila karatasi iwe na muhuri wa kupokelewa, na kila mkutano na Inspekta uwe na ripoti iliyosainiwa. Nakala moja ikae nyumbani kwa mtu, isibaki ofisini.

Delege (mwakilishi) wa sendika ana kinga zaidi: kumfukuza kunahitaji kwanza idhini ya Inspekta wa Kazi. Hata mfanyakazi wa kawaida mwenye kontra isiyo na mwisho anastahili taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka aliotumika, tena kwa sababu ya kweli. Ahadi ya shefu ya «asirudi» siyo sababu.

Jambo moja nalisema kwa nguvu: msiguse antena, msikate waya, msimfungie mtu mlango. Siku mtakapofanya hivyo, mazungumzo ya mshahara yamekwisha na ya polisi yameanza.

Mimi napanda minara, lakini kontra yangu ni ya kampuni ndogo inayofanya kazi kwa niaba ya ile kubwa. Wale wa ndani wakigoma, sisi tufanye nini?

Swali hili ndilo linalonihangaisha kuliko yote. Minara mingi ya nchi hii si ya kampuni za simu wenyewe; inamilikiwa na kampuni za minara kama Helios Towers, na matengenezo yanagawiwa kwa wengine tena. Kisheria mwajiri wako ni yule aliyekusainisha, na mgogoro wako ni naye. Lakini yeye atakuambia hawezi kuongeza, kwa sababu mkubwa wake analipa bei ile ile. Mara nyingi anasema kweli.

Kwa hiyo wale wa ndani wakigoma peke yao, ninyi mtatumwa kuziba nafasi zao. Na ninyi mkigoma peke yenu, kampuni ndogo nyingine itachukua kazi. Dawa ninayoiona ni kupeleka madai mawili, kila moja kwa mwajiri wake, katika juma moja, ili hatua zote ziende sambamba hadi mwisho. Wale wa ndani nao waandike katika madai yao kwamba bei ya kazi za nje ipandishwe. Ninawaambia wazi ndugu zangu wenye beji ya kampuni: mkiwasahau hawa wapanda minara, mgomo wenu umeshindwa kabla haujaanza.

Mume wangu ni fundi, anataka kugoma. Nina watoto wanne, minervali (ada ya shule) ya wawili haijalipwa. Nimzuie?

Mama, usimzuie, lakini mwombe mkae chini na hesabu. Siku za mgomo halali hazilipwi, isipokuwa makubaliano ya mwisho yaseme vingine. Aulize sendika mambo haya leo: mgomo ni wa siku ngapi, na je, siku hizo zitadaiwa mezani? Mgomo wa siku chache zilizotangazwa, kama ule wa BT, familia nyingi zinauweza. Ule usio na tarehe ya mwisho unamaliza akiba ya nyumba, na kampuni inaweza kungoja kuliko ninyi. Nenda shuleni sasa, kabla ya mgomo, ukaombe kulipa kidogo kidogo. Mkurugenzi humsikiliza kwa urahisi zaidi mzazi aliyekuja mapema.

Tunaitwa usiku na Jumapili, hatulipwi saa za ziada. Tugome?

Hapana. Hilo ni deni, na mgomo ni wa kutafuta kile ambacho bado hamjapewa haki nacho. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki. Saa 6 za kwanza za ziada zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na siku ya mapumziko asilimia 100. Andikeni kila mlipoitwa, mwende kwa Inspekta wa Kazi. Akishindwa, kuna Mahakama ya Kazi.

Marehemu baba alikuwa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni. Alituambia wagomaji walipigwa risasi mji huu huu. Kwa nini mnawachochea vijana? (Mzee wa komuni ya Kenya, Lubumbashi)

Papa, tunakuheshimu, na uliyoyasikia ni kweli. Desemba 1941, Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliodai nyongeza, watu makumi wakafa. Wakati ule mfanyakazi Mwafrika hakuwa na ruhusa hata ya kuwa na sendika. Ilitolewa mwaka 1946, tena kwa masharti mengi. Vijana hawa wana Katiba na Inspekta ambavyo baba yako hakuvipata. Ndiyo sababu tunawahimiza wavitumie hatua kwa hatua.

Mshahara wetu unahesabiwa kwa dola, unalipwa kwa franka. Tudai nyongeza ya nini?

Daini kwanza kanuni ya kubadilisha: kiwango cha siku gani, cha benki gani, na kiandikwe. Mwaka 2025 franka ilipanda ghafla mbele ya dola, na waliohesabiwa kwa dola wakapokea franka chache kuliko mwezi uliotangulia, wakati sokoni bei hazikushuka kwa kasi hiyo. Nyongeza ya asilimia 10 inaweza kuliwa yote na badiliko kama hilo. Wekeni kiwango cha chini cha franka ambacho mshahara hautashuka chini yake, kisha ndipo mzungumze asilimia.