Nenda kwa daktari wa pili, na uende leo

Pole sana, ndugu yangu. Umesema daktari alimpima paka wako damu mara moja tu, akakuambia figo zimekwisha na bora achomwe sindano ya mwisho, nawe unaona haya kwenda kwa mwingine. Usione haya hata kidogo.

Mwombe huyo wa kwanza majibu yote: karatasi ya damu, picha za eksirei zenyewe, na majina ya dawa alizompa pamoja na vipimo vyake. Ni ombi la kawaida. Ukienda mikono mitupu, mnyama atatolewa damu upya bila sababu.

Kwa wa pili uliza hasa kama mkojo umepimwa. Kreatinini, ile taka ya kwenye damu wanayoipima kujua hali ya figo, hupanda hata paka akiishiwa maji mwilini au njia ya mkojo ikiziba, na hayo mara nyingi yanatibika. Paka wangu alikuwa analala kidevu kikiwa kwenye ukingo wa bakuli, hanywi, nilidhani anaaga. Alitundikiwa maji, siku ya tatu akaanza kula.

Kama ni dume, anachuchumaa kwenye mchanga wake na halitoki hata tone, usisubiri miadi, mkimbize sasa hivi. Akikaa siku mbili bila kula pia ni hatari, kwa sababu ini la paka hujaa mafuta upesi. Na tafadhali, usimpe parasetamoli ya watu, hata kipande. Ni sumu kwake.

Wa pili naye akisema hakuna tiba, muulize kama anaumia sasa, na kama dawa za maumivu zinaweza kukupa siku chache naye nyumbani.