Jeki ya magurudumu kwenye ua wa mchanga

Wewe unayetaka kuanza kujitengenezea gari nyumbani, kabla hujanunua hata spana moja, kaangalie ardhi ya uani kwako. Huku Dodoma nyumba nyingi, Nkuhungu kama Nzuguni, ua ni mchanga mtupu, na jeki ile ndefu ya magurudumu inataka sakafu ngumu.

Mimi nilifunzwa na Toyota IST yangu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nabadilisha brekipedi za mbele kabla jua halijakolea. Nikapampu, gari likapanda, tairi nikaitoa. Mara nasikia mchanga unasagika. Kuinama kuchungulia, magurudumu ya jeki yamezama na kichwa chake kimehama kama vidole viwili kutoka nilipokiweka. Nikarudi nyuma. Gari likashuka lote kwa mara moja, diski ya breki ikajichimbia mchangani, na bonde lililoachwa na jeki chini ya mlango lipo mpaka leo.

Mkono wa jeki hii haupandi wima kama jeki ya chupa. Unapanda kwa kuchora upinde, kwa hiyo jeki yenyewe lazima itembee kidogo kulifuata gari. Magurudumu hayo si ya kukurahisishia kuibeba tu. Yakikwama, kinachohama ni kichwa kule chini ya gari. Siku hizi natandika plaiwudi ya milimita 18, ndefu kuliko jeki, na vipande vingine chini ya stendi, yaani vile vyuma vya miguu vinavyolibeba gari likishainuliwa, maana miguu yake nayo huzama. Mwenye pevingi uani ana nafuu, ila ahakikishe pako sawa.

Stendi nunua siku ileile unayonunua jeki. Jeki inabebwa na mafuta na sili za mpira. Sili ikichoka, gari linashuka bila kukupigia hodi. Pandisha, weka stendi, shusha gari likalie stendi, kisha lisukume kwa mkono uone kama linacheza. Hapo ndipo uingie chini. Na habari za tofali sitaki kuzisikia: tofali la saruji halipindi kwanza likakuonya, linapasuka tu. Tairi uliyoitoa ilaze chini ya bodi, iwe akiba.

Kuna jambo wengi hawalijui. Kwa gari dogo la kawaida linalovutwa na tairi za mbele, hendibreki inashika za nyuma, na gia ya P inashika za mbele. Ukiinua nyuma, hendibreki inashikilia tairi zilizo hewani! Weka vyote viwili, halafu kita kabari pande zote za tairi zinazobaki chini. Jiwe la mviringo si kabari.

Pa kuinulia ni kwenye pindo la chuma chini ya milango, penye alama mbili za kukatwa. Kitabu cha gari huenda ni cha Kijapani, lakini picha zinatosha. Usiinue kwenye sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, wala kwenye bati la sakafu.

Nati zilegeze kidogo tairi ikiwa bado chini, na ukimaliza zikaze tairi ikiwa imekanyaga. Jeki usiilaze nje. Upepo wa Agosti utajaza mchanga kwenye magurudumu, na siku utakayoihitaji hayatazunguka.