Zamu za usiku zetu, vikao vyao

SWALI: Dada mhariri, niko kaunta maktaba ya chuo, zamu za usiku na wikendi zote zinatuangukia sisi tusio na digrii, vikaoni hatuitwi, ukilalamika unaambiwa kazi hii ni wito. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Hiyo habari ya wito ishtukie, mkutubi Mmarekani Fobazi Ettarh alishaandika 2018 kwamba kuitukuza kazi hivyo ndo kunafanya watu wabebeshwe mizigo na wanyamaze. Ombeni kwa pamoja zamu zizunguke hadi kwa wenye madigrii, tena kwa maandishi, na mmoja wenu aingie vikaoni maana nyie ndo mnajua wanafunzi wanakwama wapi. Mkuu akigoma nendeni utumishi. Kuwakatia keki ya bethidei ofisini hakutoshi kuonyesha mnathaminiwa, jamani!