Mleta uzi, gari lisifike kabisa kwenye hiyo harusi

Mkuu nimesoma bandiko lako mara mbili na mikono inatetemeka, salamu nitakupa siku nyingine. Unasema Jumamosi binamu yako anaoa hapa Dodoma, ukumbi uko Ipagala, utakunywa "kistaarabu", utalala masaa kadhaa halafu Jumapili saa kumi na moja alfajiri unapakia mke na watoto mnaelekea Manyoni. Na ukauliza maswali kama matano hivi, kwa nini vifo vya ajali za ulevi vinatofautiana sehemu na sehemu, Marekani wakoje jimbo kwa jimbo, sheria yetu inaruhusu kiasi gani, bima inasemaje, na kama ni kweli huku kati mtu anaweza kujiachia kidogo kwa vile "walevi wanaoua wapo Dar, njia ya Bahi ni nyeupe".

Njia ya Bahi ni nyeupe. Hayo maneno hayo hayo niliambiwa mimi, mwaka 2019, na aliyeniambia alikuwa ameshika mfupa wa mbuzi mkononi.

Ilikuwa sendofu ya mtoto wa shangazi. Nilianza kunywa saa moja usiku, nikamaliza saa sita, bia sita zile chupa za nusu lita. Sio kwamba nilikuwa napepesuka, nilicheza muziki, nikasalimia wazee, nikahesabu michango na hesabu ikatoka sawa, ndo maana nilijiona niko vizuri. Mdogo wangu alikuwepo, miaka 22, ana leseni, siku hiyo alikunywa soda tu toka mwanzo mpaka mwisho kwa sababu yeye pombe haikuwa kitu chake. Tulikuwa tunaenda wote Manyoni asubuhi kuna mzigo wa alizeti wa kupokea.

Sasa pale mezani kulikuwa na jamaa mmoja wa makamo, dereva wa malori wa siku nyingi, mtu ambaye akiongea mambo ya barabara wote mnanyamaza. Nikamwambia nawaza kulala mpaka mchana. Akacheka. Akasema lala masaa matano, ukiamka oga maji ya baridi, piga supu ya pilipili na ndimu, pombe yote inatoka kwa jasho, unakuwa mpya, halafu Jumapili asubuhi njia ile haina mtu, utaendesha hata umefumba jicho moja. Na mimi nikameza kila neno, kwa sababu ndicho nilichokuwa nataka kusikia.

Nikaamka saa kumi na moja. Nikaoga. Nikanywa supu. Kichwa kilikuwa chepesi kabisa, sikuwa na hangova wala kichefuchefu. Saa kumi na mbili kasorobo tuko kwenye gari, mdogo wangu akasimama upande wa dereva akasema, kaka nipe niendeshe mimi, wewe pumzika. Mkuu nilimwambia apite upande wa pili. Yule jamaa wa malori alikuwa nje anapiga mswaki, akadakia, "mtoto huyo atakufikisha wapi", tukacheka, mdogo wangu naye akacheka, akazunguka gari akapanda upande wa pili akafunga mlango.

Hapo ndo kosa langu lilipo. Watu wakinisikia nasimulia wanadhani kosa lilikuwa bia ya sita, au mwendo. Hapana. Kosa ni kwamba nilikuwa na mtu mzima wa akili asiyekuwa na pombe hata tone, ameomba funguo kwa heshima, nikamnyima kwa sababu gari ni langu na mimi ni kaka mkubwa.

Tukapita Kizota, tukapita Nala, mji ukaisha. Kabla ya kufika Bahi kuna lori lilikuwa limeharibika upande wetu, utingo ameweka matawi barabarani kama kawaida, ile mistari ya matawi mabichi unayoijua, la kwanza mbali, la pili karibu zaidi, mpaka kwenye tela. Niliyaona. Nataka unielewe hapa, niliyaona matawi na nikajua maana yake, nikasema hata kwa mdomo "kuna lori". Na jua halikuwa machoni, tulikuwa tunaenda magharibi, jua lilikuwa mgongoni, barabara imenyooka na kavu. Nilichokosa ni mguu. Kati ya kusema "kuna lori" na mguu kugusa breki kulipita kitu ambacho sikukisikia kikipita. Nilipokanyaga tayari nayapanda matawi, nikakata kulia, mbele yangu kuna mzee na mkokoteni wa punda wenye madumu ya maji, nikakata tena kushoto, kona ya tela ikafungua upande aliokaa mdogo wangu.

Mzee na punda wake walipona. Mimi nilivunjika mkono.

Utingo na dereva wa lori walimtoa mdogo wangu wakamlaza kwenye yale yale matawi. Alikuwa anaongea. Aliuliza kama alizeti tutapeleka kesho. Gari la kwanza kusimama lilikuwa Noah iliyojaa watu, wakashuka wote wakatupisha, Mungu awabariki popote walipo. Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na damu ya kuongeza, tukageuza kurudi mjini, na njia ile ambayo nilikuwa naisifia kwamba ni nyeupe haina mtu, ikawa ndefu hivyo hivyo kwa sababu haina mtu. Alikata roho kabla hatujaiona Nala.

Sasa nikujibu swali lako la takwimu, maana jibu lake liko humo humo.

Mimi sikupimwa. Walipokuja kunichukua maelezo ilishakuwa mchana, nina plasta mkono mzima, watu wananipa pole, hakuna aliyeniletea kifaa cha kupulizia wala kunitoa damu ya kupima kilevi. Kwenye karatasi ikaandikwa mwendo kasi na kuendesha kwa uzembe. Nilishtakiwa, nikakiri, leseni ikafungwa, lakini neno pombe halimo sehemu yoyote. Kwa hiyo mkuu unaposema huku kwetu vifo vya ulevi ni vichache, mdogo wangu hayumo kwenye hesabu yako. Yupo kwenye mwendo kasi. Asiyepimwa hahesabiwi, na sehemu yenye vipimo vingi na askari wengi usiku itaonekana ina walevi wengi kwa sababu tu imewatafuta. Ukilinganisha sehemu mbili, jambo la kwanza uliza nani alipimwa.

Wamarekani hilo wanalijua, ndo maana dereva aliyekufa au kuhusika kwenye ajali ya vifo ambaye hakupimwa, mamlaka yao ya usalama barabarani inamkadiria kitaalamu kutokana na saa ya ajali, aina ya ajali, umri na mambo mengine, hawamuweki sifuri. Kwa hesabu hiyo mwaka 2022 walipoteza watu 13,524 kwenye ajali ambazo dereva alikuwa na kilevi cha 0.08 kwenda juu, yaani gramu 0.08 kwenye mililita 100 za damu, ambayo ni asilimia 32 ya vifo vyao vyote vya barabarani. Na ukiangalia jimbo kwa jimbo, usidhani New York yenye mabaa kila kona ndo inaongoza kwa kila watu laki moja. Wanaoumia zaidi ni kama Montana, jimbo kubwa lina watu milioni moja na kidogo, barabara zimenyooka, usiku giza, hakuna treni ya mjini wala teksi ya kukurudisha, kila mtu anakuja baa na gari lake na akipata ajali hospitali iko mbali. Umeona inafanana na wapi? Njia nyeupe ndo inaua, mjini foleni inakupunguzia mwendo hata ukiwa umelewa na ukigonga kuna watu dakika hiyo hiyo.

Utah ni kati ya walio chini, na hapo kuna mambo mawili, wengi dini yao hairuhusu pombe, halafu tarehe 30 Desemba 2018 walishusha kiwango kutoka 0.08 kwenda 0.05, jimbo la kwanza kufanya hivyo. Mwaka uliofuata kiwango cha ajali za vifo kilishuka karibu asilimia 20 ukilinganisha na 2016. Watu hawakuacha kunywa, baadhi walianza kupanga namna ya kurudi nyumbani kabla hawajatoka. Kabla hawajatoka mkuu, shika hapo.

Kwetu sheria ya usalama barabarani ya 1973 inaweka miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, hiyo ndo 0.08. Dereva wa gari la biashara ni sifuri. Na najua unachokifikiria sasa hivi, kwamba basi ntakunywa chini ya hapo. Mimi pia nilidhani niko chini. Baadaye sana nilikaa na daktari mmoja rafiki wa familia akanichorea nyuma ya bahasha, na ile bahasha bado ninayo.

Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20 za kilevi. Ini la mtu wa kilo 70, kama mimi wakati ule, linachoma kama gramu 7 kwa saa, wengine zaidi kidogo wengine pungufu. Kwa hiyo chupa moja ni karibu masaa matatu. Chupa sita ni masaa 17. Anza kuhesabu saa moja usiku nilipofungua ya kwanza, unafika karibu saa sita mchana wa Jumapili ndo damu iwe safi. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nimeoga, nimenywa supu, kichwa chepesi, nilikuwa na kama miligramu 90. Juu ya sheria. Nimelala usingizi mzuri nikaamka mlevi na sijui.

Maji ya baridi hayagusi ini. Ndimu haigusi ini. Supu inakuamsha, inakufanya ujisikie mzima, na hapo ndo ubaya wake maana bora ningejisikia mgonjwa nikabaki kitandani. Jasho linatoa kilevi kidogo mno, hakifiki popote. Yule mzee wa malori alikuja msibani, akakaa kwenye mkeka karibu yangu, akaniambia "kazi ya Mungu haina makosa". Nilinyamaza kwa ajili ya mama. Ila saiv nasema, Mungu hakumnyima funguo mdogo wangu pale nje, ni mimi nilimnyima, na wewe mzee wa malori ulinipa maneno ya kumnyimia, na mpaka leo wewe huyo bado unakaa kwenye meza za watu unawagawia vijana supu na ndimu. Miaka ishirini barabarani bila ajali haikufanyi kuwa daktari. Na humu jukwaani mpo wengi, nimeona mchangiaji hapo juu kamwambia mleta uzi ale nyama nyingi kwanza "kupaka tumbo mafuta". Chakula kinachelewesha pombe kuingia, hakiifuti, itaingia tu ukiwa umelala na alfajiri utakuwa nayo.

Na kama mtaletewa mvinyo wa zabibu zetu, ule mtamu, angalia chupa imeandikwa asilimia ngapi, nyingi ni mara mbili ya bia au zaidi, na unashuka kama juisi, hesabu ya chupa hapo inavurugika kabisa.

Kwa hiyo sikwambii "usiendeshe ukilewa". Hiyo kila mtu anaikubali saa nane mchana na hakuna anayeikumbuka saa sita usiku, na asubuhi haikuhusu kwa sababu hujioni umelewa. Nakwambia gari lisiende. Uamuzi ufanye Jumamosi asubuhi ukiwa unakunywa chai, liache nyumbani geti limefungwa, funguo mkabidhi mkeo na umwambie hata nikikuomba kesho alfajiri kwa upole usinipe. Kama lazima liende basi awe nalo mtu asiyekunywa kabisa toka mwanzo, na akisema "nipe niendeshe" asibishiwe na mtu, awe mdogo, awe mke, awe shemeji. Bajaji Ipagala zipo usiku kucha wakati wa harusi, mapatano kidogo tu. Wageni wako wa Dar waje na SGR warudi nayo. Jumapili ya Manyoni nenda stendi ya Nanenane panda basi la Singida, watoto watalala njiani, au subirini muondoke Jumatatu, binamu yako hatakimbia.

Mama yangu nilimwambia mwenyewe kuhusu pombe, baada ya arobaini. Karatasi zote zilikuwa zimeniachia mlango wa kutosema. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso, akaniuliza kitu kimoja tu, "aliomba kuendesha?" Nikamwambia aliomba.

Leo Jumatano. Ukiamua gari ulitoe kabisa pale nyumbani ili usishawishike, nitumie ujumbe, mimi niko Nkuhungu, nina uwanja wa kutosha na mlinzi, nitakuja kulichukua Ijumaa jioni na utalikuta Jumatatu na mafuta yako yale yale.