Kabla hujaukanda mguu uliovimba: kwa mnaoanza kazi hii

Wengi wenu mnakuja na mikono yenye nguvu. Mmezoea kuchua wacheza mpira na akina mama wanaolalamika viuno, na mnajua kulisaka fundo la msuli mpaka liachie. Akiketi mbele yenu mgonjwa wa kwanza mwenye matende, mkono unakimbilia chupa ya mafuta. Iacheni kwanza. Huku pwani, Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba, wenye uvimbe wa limfu, yaani maji ya mwilini yaliyokwama chini ya ngozi, mtakaowapokea ni hasa wa aina mbili: wenye matende, na akina mama waliopasuliwa saratani ya titi wakaondolewa na tezi za kwapani. Wote wanahitaji mkono mwepesi kuliko mnavyodhani, na kukanda kwenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni ngozi.

Damu ikipita kwenye mishipa midogo kabisa, sehemu ya maji yake huvuja na kubaki katikati ya seli. Mishipa ya limfu huyakusanya maji hayo pamoja na protini na vijidudu, huyapitisha kwenye tezi za kinena, kwapa na shingo, kisha huyarudisha kwenye damu karibu na mitulinga. Moyo hauyasukumi. Husogezwa na kuta za mishipa yenyewe zinapojibana, na misuli mtu anapotembea, na pumzi kifua kinapopanda na kushuka, huku vali ndogo zikizuia yasirudi nyuma. Minyoo ya matende, inayoletwa na mbu, huishi humo humo kwa miaka na kuiharibu mishipa. Ndiyo maana dawa zinazogawiwa kwenye kampeni za matende, ivermektini na albendazoli, huzuia maambukizi yasienee lakini mguu uliokwisha kuvimba haziurudishi ulivyokuwa. Mgonjwa atakuuliza hilo siku ya kwanza. Mjibu ukweli.

Namna ya kukanda tunayoitumia ilibuniwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, watu wa Denmark waliokuwa wakifanya kazi Cannes, Ufaransa, miaka ya 1930. Waliionyesha Paris mwaka 1936. Siri yake ni kwamba mishipa unayoitafuta iko juu juu, chini ya ngozi tu. Laza kiganja, ivute ngozi taratibu mpaka igome, kisha iachie irudi yenyewe. Ukishausikia msuli chini ya vidole, umebonyeza mno. Mafuta hayafai kwa sababu mkono ukiteleza ngozi haivutiki. Na ngozi ikibaki nyekundu ukimaliza, ujue ulitumia nguvu.

Mpangilio nao una maana yake. Anza shingoni, juu ya mitulinga, mwambie avute pumzi ndefu za tumboni, ndipo ushuke kwenye tezi za upande usiovimba, halafu paja, goti, ugoko, na wayo mwisho kabisa, kila sehemu ukielekeza juu. Anayeanzia wayoni anawasukuma watu kwenye mlango ambao haujafunguliwa.

Kuna miguu isiyoguswa. Mguu mmoja uliovimba ghafla tangu juzi, kigimbi kinauma na kina joto, huenda ni damu iliyoganda ndani. Huyo aende hospitali leo leo, na usimkande hata kidogo. Mzee ambaye miguu yote miwili imevimba na usiku hulala amekaa kwa kukosa pumzi, moyo wake au figo ndizo za kuangaliwa kwanza. Mwenye homa na ngozi nyekundu inayowaka, subiri apone. Anayeendelea na matibabu ya saratani, daktari wake aulizwe. Busha halikandwi, linapasuliwa, hata kama aliyekuletea mgonjwa ameshakulipa nauli.

Sasa beseni. Hapa ndipo ningewataka mtumie muda mrefu kuliko popote, na ndipo wanaoanza wanapopita mbio kwa kuwa haionekani kama utaalamu.

Maji safi, yasiyo ya moto, na sabuni ya kawaida isiyo kali. Mkalishe mgonjwa penye mwanga. Osha kuanzia gotini kushuka, ingiza kitambaa laini kwenye kila mkunjo wa ngozi, kisha njoo kwenye vidole. Mguu wa matende vidole vyake hubanana, kwa hiyo vitenganishe kimoja kimoja bila kuvilazimisha. Humo katikati utaikuta ngozi nyeupe, imelainika, ina harufu, na ukiitazama vizuri chini yake kuna mpasuko mwembamba kama uzi. Mpasuko huo ndio adui. Bakteria huingilia hapo, na baada ya siku chache mgonjwa anatetemeka kwa homa, mguu umewaka, mitoki imemtoka kinenani. Homa ya namna hiyo ikipita huuacha mguu mkubwa zaidi ya ulivyokuwa. Jirani watasema katupiwa kitu. Wewe angalia katikati ya vidole.

Suuza mpaka maji yatoke meupe, kausha kwa kugusisha kitambaa bila kusugua, hasa katikati ya vidole, kisha paka dawa ya fangasi penye weupe. Mguu usiovimba nao uoshwe vivyo hivyo. Kila siku, maisha yote. Na homa ikimshika: apumzike, aunyanyue mguu, auwekee kitambaa cha maji baridi, aende kituo cha afya kupata antibiotiki. Mazoezi na kukanda vingoje.

Kwa kuwa ni kazi ya kila siku, si wewe utakayeifanya. Ukishamwamkia na kujuliana hali, muulize: «Bibi, ukishindwa kuinama, mguu anakuosha nani?» Akikwambia ni mjukuu wake akitoka shule, basi mwanafunzi wako ni yule mtoto. Mpe kitambaa aoshe, wewe tazama. Watu wazima wengi huona aibu mtoto kuushika mguu ule, hivyo ushike wewe kwanza, kwa mikono mitupu, huku mkiongea mambo mengine.

Mengine ni mepesi kuyasema. Akikaa, aunyanyue mguu juu ya kiti kingine, na achezeshe kifundo juu na chini kila anapokumbuka. Usiku, matofali chini ya kitanda upande wa miguuni yanatosha, ila si kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Avae kiatu kinachofunika, kipana, kisichombana. Kandambili hazizuii kujikwaa. Bandeji ya kubana husaidia sana ikifungwa na anayejua, mbano mkubwa ukiwa chini na kupungua kadiri inavyopanda. Ikifungwa kinyume inaumiza.

Kwa akina mama waliopasuliwa titi, msirudie ule ushauri wa zamani wa kutonyanyua chochote kwa mkono ule. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba kunyanyua uzito kidogo kidogo, kwa kusimamiwa, hakukuzidisha uvimbe. Mama aliyeambiwa asichote maji wala asimbebe mwanawe mkono wake unadhoofu bure. Aanze na kitu chepesi, aongeze polepole, na ajikinge na mikwaruzo na kuungua jikoni.

Mtakutana pia na wanaouza «kutoa sumu» kwa kukandwa mara moja, na chai juu yake. Sumu hutolewa na ini na figo. Mtu mzima wa afya akikandwa atapumzika na kulala vizuri, na hilo lenyewe ni jema. Msimwahidi zaidi ya hapo kwa sababu tu analipa.

Mwisho, utepe wa kupimia. Anza kifundoni, pima kila baada ya sentimita 10, miguu yote miwili, saa ile ile ya siku, maana jioni mguu huwa mkubwa kuliko asubuhi. Andika kwenye daftari lake, akae nalo nyumbani. Pembeni mwa vipimo chora safu nyingine ya siku alizopata homa. Miezi ikipita safu hiyo ikabaki tupu, beseni linafanya kazi, hata kama namba za utepe hazijashuka sana.