Kokoto ndani ya goti: niliyojifunza baada ya kupasuliwa mara mbili

Goti langu la kulia lilikwama nikiwa nashuka ngazi. Halikuuma sana, lilikataa tu kunyooka, kama mlango ulioingiwa na kijiwe kwenye bawaba. Nikashika ukuta, nikauzungusha mguu taratibu, kitu kikateleza ndani na goti likafunguka. Nilikuwa na miaka 38. Kuanzia siku ile nilitibiwa kwa karibu miaka mitatu ugonjwa ambao sikuwa nao.

Kwanza niliambiwa ni baridi yabisi. Baadaye ikawa maji ya goti, yakanyonywa kwa sindano mara mbili na mara zote mbili yakarudi. Halafu ikasemekana meniska, kijimto kilicho kati ya mifupa ya goti, imechanika. Eksirei ilipigwa mapema kabisa, ikatoka safi, na picha ile safi ndiyo iliyonichelewesha, maana kila niliyemwonyesha aliniambia mifupa yangu ni mizima. Na kweli ilikuwa mizima. Kilichokuwa kinanikwamisha ni gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, na gegedu halionekani kwenye eksirei mpaka lianze kujaa kalsiamu na kuwa gumu kama mfupa. Kwa hiyo kama goti lako linavimba, linasaga na kukwama, na eksirei haionyeshi kitu, usikubali safari iishie hapo. Omba MRI, picha inayopigwa kwa sumaku na kuonyesha hata vitu laini. Yangu ilionyesha vinundu vingi vikielea kwenye ute, na siku hiyo ndipo nilipolisikia jina la ugonjwa wangu kwa mara ya kwanza: kondromatosi ya sinovia.

Sinovia ni utando mwembamba uliotandikwa ndani ya kiungo. Kazi yake ni kutoa ute wa kukilainisha. Mtu akipata ugonjwa huu, utando unaanza kufanya kazi isiyo yake: unatengeneza vinundu vya gegedu. Vinundu vinakua, vinaning'inia, vinakatika, vinabaki vikielea. Nilishangaa kuambiwa kwamba hata vikishakatika vinaweza kuendelea kukua, kwa sababu gegedu halina mishipa ya damu ya kulilisha. Linalishwa na ute uleule linamoelea. Ugonjwa huu si saratani. Kwa kawaida unashika kiungo kimoja tu, mara nyingi goti, kisha nyonga, kiwiko au bega, na unawapata wanaume karibu mara mbili zaidi ya wanawake, hasa kati ya miaka 30 na 50.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae niandike. Mwaka 1977 daktari anayeitwa Milgram aliugawa ugonjwa huu katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza utando unatengeneza vinundu lakini hakuna kilichokatika. Katika ya pili utando bado unatengeneza, na vipande tayari vinaelea. Katika ya tatu utando umetulia, vimebaki vipande tu. Ukiielewa tofauti hii utaona kwamba mtu wa hatua ya tatu anaweza kupona kwa kutolewa vipande peke yake, lakini wa hatua ya pili akitolewa vipande na utando ukaachwa vilevile, kiwanda bado kiko wazi. Mimi nilikuwa hatua ya pili. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua kwamba kuna hatua za kuulizia.

Upasuaji wa kwanza ulikwenda vizuri kwa namna nilivyopimia wakati ule. Nilichomwa ganzi ya mgongoni nikawa macho. Mbele ya goti yalitobolewa matundu mawili madogo, moja la kamera nyembamba na moja la vifaa, na maji ya chumvi yakawa yanapitishwa ndani ili goti litanuke na daktari aone. Vipande vilionekana kwenye skrini, vyeupe, vinang'aa, vingine vinakimbia kila vikikaribiwa na koleo. Mwishoni nilionyeshwa kichupa chenye vipande 17. Nilikifurahia sana. Dada yangu alipokuja wodini nilimwonyesha kama mtu aliyeokota hazina.

Miezi mitano baadaye goti likakwama tena.

MRI mpya ilionyesha vipande vimejaa nyuma ya goti, nyuma ya kano za msalaba, na vingine ndani ya uvimbe wa ute uliokuwa kisogoni mwa goti. Utando wenyewe ulikuwa bado mnene. Goti, nililokuwa naliwaza kama chumba kimoja, lina sehemu kadhaa, na kamera iliyoingia kwa mbele haifiki kila mahali kwa urahisi. Vipande vyangu 17 vilikuwa vya mbele tu. Niliumia moyoni, nakiri, na sikuumia kwa sababu ya kurudia kisu. Niliumia kwa sababu swali moja kabla ya upasuaji wa kwanza lingetosha: "Daktari, na nyuma mtafika?"

Daktari wa pili nilimuuliza. Akachukua karatasi akachora. Akanieleza kwamba nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu pamoja na neva, ndiyo maana wapasuaji wengi hupaogopa. Kwamba matundu ya nyuma hutobolewa goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 ili mishipa ile isogee mbali kidogo. Na kwamba msaidizi wake atakuwa akikamua nyuma ya goti kwa mkono ili vipande vilivyojificha visogee kwenye kamera. Akaongeza kwamba ikishindikana kwa matundu atafungua nyuma kwa mkato wa kawaida, na nisije nikaamka nikashangaa kuona nyuzi za kushonea. Nilimpenda kwa sentensi hiyo. Upasuaji wa kamera ni mzuri, vidonda vyake ni vidogo na mtu anarudi kutembea mapema, lakini si aibu kuchanganya njia mbili. Kipande kikubwa kisichopita tunduni, au kilichojibana pasipofikika, kitolewe kwa mkato kuliko kuachwa ndani ili ngozi ipendeze.

Safari hii vilitoka zaidi ya 40. Utando ulionenepa ulinyolewa kwa kijembe kinachozunguka ndani ya mrija na kunyonya kile kilichokatwa. Madaktari hawana kauli moja kuhusu utando: wapo wanaoutoa kila mara, wapo wanaotoa vipande tu ukiwa umetulia, kwa kuwa kuunyoa sana kunaweza kuleta damu ndani ya kiungo na kukikakamaza. Mimi sina elimu ya kuamua kati yao. Ninachosema ni kwamba mgonjwa ana haki ya kujua mpasuaji wake anafuata njia ipi na kwa nini, kabla ya kutia sahihi. Muulize uko hatua gani. Muulize atafanya nini akikuta utando bado unazalisha. Muulize ameshatoa vipande vya nyuma ya goti mara ngapi. Swali hili linaogopesha kuliuliza, lakini mpasuaji anayeijua kazi yake halimkeri.

Muulize pia vipande na utando vitapelekwa wapi. Jibu liwe ni maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya mwili kutafuta ugonjwa. Mara chache sana ugonjwa huu hugeuka saratani ya gegedu, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kichupa changu cha kwanza nilikwenda nacho nyumbani kama kumbukumbu, na mpaka leo nikikifikiria nasikia baridi. Kuna kipande kutoka humo kilipaswa kukatwa na kuangaliwa kwa hadubini. Majibu ya upasuaji wa pili yalitoka salama.

Kwa wenye ugonjwa kwenye viungo vingine niseme machache, maana hayo nimeyajua kwa kusoma na kwa kuongea na wagonjwa wenzangu, siyo kwa mwili wangu. Nyonga imekaa ndani sana, hivyo mguu huvutwa kwa mashine ili nafasi ya kamera ipatikane, na mvuto huo unaweza kuacha ganzi kwa muda sehemu za siri. Ulizia mapema ili isikutie hofu. Kwenye kiwiko neva ziko karibu mno na matundu, hasa ile inayopita upande wa ndani, kwa hiyo uzoefu wa mpasuaji una uzito hata kuliko gotini. Kwenye bega vipande hupenda kujificha ndani ya ala ya kano ya msuli wa mbele wa mkono. Usikubali ala hiyo isahauliwe.

Baada ya upasuaji kazi inabaki kwako, na hapa ndipo wengi tunapolegea. Niliruhusiwa kukanyaga siku ileile kwa magongo, lakini goti lililovimba huuzima msuli wa paja. Nilijaribu kuukaza, ukakaa kimya kana kwamba si wangu. Mtaalamu wa tibamazoezi alinifundisha kulaza mguu na kusukuma kisogo cha goti kwenye godoro, sekunde tano, kuachia, kurudia, kila saa niliyokuwa macho. Kisha kuburuta kisigino kuelekea makalio. Kisha kuchezesha nyayo juu na chini ili damu isilale. Ni mazoezi madogo mpaka yanaonekana hayana maana, nami mara ya kwanza niliyapuuza, nikachukua miezi miwili kupata mkunjo ambao mara ya pili niliupata kwa wiki tatu, ingawa upasuaji wenyewe ulikuwa mkubwa zaidi. Barafu ilinisaidia, mguu juu ya mito miwili ulinisaidia. Kukaa na goti limekunjwa kidogo kwenye mto kwa sababu ndivyo unavyosikia nafuu hakusaidii, kunakuibia mnyooko.

Kuna dalili ambazo hazingoji kesho. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa. Na kifua kikibana au pumzi ikikatika, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Homa, wekundu unaotambaa, usaha kwenye tundu: vivyo hivyo. Na hata miaka ikipita, goti likianza kuvimba kwa kasi au maumivu yakakuamsha usiku ilhali zamani yalikuja kwa kutembea tu, rudi ukapigwe picha. Ugonjwa huu hurudi kwa baadhi ya watu hata waliopasuliwa vizuri.

Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, omba nakala ya ripoti ya upasuaji, picha zilizopigwa na kamera, na baadaye majibu ya patholojia. Mpasuaji wangu wa pili alinitaka nimletee karatasi za kwanza, nikawa sina hata moja. Alianza kazi bila kujua mwenzake aliishia wapi. Siku hizi zangu zote ziko kwenye bahasha moja kabatini, pamoja na MRI niliyopiga mwaka mmoja baada ya upasuaji wa pili. Kwenye picha hiyo, nyuma ya goti ni peupe kabisa, hakuna hata punje.